Msitie saini mkataba ambao hospitali haijausoma

Kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Fedha, Mwenyekiti wa Baraza la Magavana na Maseneta wa Jamhuri ya Kenya

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Pwani, nilikofanya kazi ya uuguzi katika hospitali za umma mpaka nikastaafu. Ombi langu ni moja. Kabla ya kutia saini mkataba mwingine wowote wa ubia kati ya serikali na kampuni za kibinafsi katika sekta ya afya, uwekeni hadharani mkataba mzima pamoja na bei zake, ili kaunti itakayoulipia na hospitali itakayoishi nao iusome. Na malipo yafuate huduma aliyoipata mgonjwa, yasifuate mashine iliyoletwa.

Ubia wenyewe siupingi. Serikali yetu haina fedha za kujenga kila kinachohitajika kwa mkupuo mmoja, na kampuni zina mitaji na ujuzi. Dunia nzima imeshauelekea upande huo: mwaka 2015 mataifa yalipokutana Addis Ababa kuzungumzia fedha za maendeleo, kisha yakapitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu, ubia wa serikali na sekta ya kibinafsi uliandikwa waziwazi katika lengo la 17. Ninacholilia ni namna mikataba hii inavyoandikwa huku kwetu, na nani anayepewa kuisoma.

Mwaka huohuo wa 2015, mwezi wa Februari, Wizara ya Afya ilitia saini mikataba ya miaka saba ya kukodisha vifaa vya hospitali, mpango tuliouzoea kwa jina la MES. General Electric walileta mashine za eksirei na picha, Philips vifaa vya wagonjwa mahututi, Bellco mashine za kusafisha figo, Mindray na Esteem vifaa vya vyumba vya upasuaji na vya kutakasia vyombo. Hospitali 98 zililengwa, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa. Gharama iliyotangazwa ilikuwa shilingi bilioni 38.

Wazo lilikuwa zuri, na mtu aliyefanya kazi wodini hawezi kulikana. Kila hospitali niliyowahi kuhudumu ilikuwa na stoo ya mashine za msaada zilizokufa kwa kukosa kipuri cha shilingi elfu chache. Mpango wa kukodisha ulisema: kampuni italeta mashine, itaifunga, itaitengeneza ikiharibika, itawafundisha watumishi, nasi tutalipa mwaka kwa mwaka. Na kuna mahali ulipofanya kazi. Zamani mgonjwa wa figo wa kaunti ya mbali alilazimika kuhamia Mombasa au Nairobi, kwa sababu damu husafishwa mara mbili kwa wiki na hakuna familia ya mkulima au mvuvi inayoweza kubeba nauli hiyo mwaka mzima. Vitengo vya figo vilipofunguliwa kwenye kaunti, wapo watu waliorudi kulala vitandani mwao. Ninawafahamu. Wengine wangali hai kwa sababu hiyo.

Sasa angalieni tulivyoulipia. Kila kaunti ilitengewa takriban shilingi milioni 95 kwa mwaka kwa ajili ya ukodishaji huo, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2018/19 kiasi kikapanda hadi milioni 200. Fedha hizo zilikatwa juu kabla hazijafika kaunti. Kiasi kilikuwa kilekile kwa Lamu na kwa Nairobi, kwa aliyepokea vifaa vyote na kwa ambaye vingine havikumfaa. Magavana walipoitwa mbele ya Seneti walisema hawakuwahi kupewa mikataba yenyewe. Afya iligatuliwa na Katiba ya 2010, hospitali hizi ni mali ya kaunti, lakini kaunti ililipa kwa miaka bila kujua inalipia nini. Ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali ukakuta mashine zimelala: hapa hakuna mtaalamu, pale hakuna umeme wa kutosha, kwingine hakuna maji wala chumba cha kuziweka. Mwaka 2020 kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Fatuma Dullo wa Isiolo iliuita mpango huo wa kihalifu. Neno hilo lilitoka kwa Maseneta wenyewe, na baadhi yao ni kati yenu mnaosoma barua hii.

Nataka niwaeleze jinsi mashine inavyolala, maana nadhani kwenye ripoti jambo hili husomwa kwa haraka.

Kikao kimoja cha kusafisha figo huchukua takriban saa nne, na katika saa hizo mashine hupitisha kama lita 120 za maji yaliyochujwa mpaka hayana madini wala vijidudu. Ili kupata lita hizo, mtambo wa kuchuja humwaga maji mengine mengi. Wagonjwa watano asubuhi na watano jioni ni maji ya kuhesabiwa kwa maelfu ya lita kila siku. Sisi Pwani tunaishi kwa maji ya mgao, na visima vyetu vingi ni vya chumvi. Maji ya chumvi huua vichujio upesi, na vichujio vikifa kikao kinaahirishwa. Mgonjwa wa figo akikosa kikao miguu inavimba, pumzi inakata, na akikosa vikao viwili ndugu zake huanza kupigiana simu. Mnesi yeyote wa zamu wa hospitali yoyote ya Pwani angewaambia haya kabla ya kikombe cha chai kupoa. Hakuna aliyemwuliza. Mkataba uliandikwa Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, ukatiwa saini na kampuni, lakini haukufika wodini.

Katika hospitali moja niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, mashine ya kupiga picha ilifika na kufungwa ikang'aa, na picha za wakubwa zikapigwa mbele yake. Mtaalamu wa kuitumia hakuwapo kwenye orodha ya watumishi wa kaunti, na bajeti ya kumwajiri haikuwapo. Ikafunikwa shuka. Nilikuwa nikiwaandikia wagonjwa waende kliniki ya kulipia iliyo ng'ambo ya barabara, huku nikijua kwamba ile iliyofunikwa imelipiwa. Mama mmoja aliyevunjika nyonga aliniuliza kama shuka lile linalindwa na askari. Sikuwa na jibu la kumpa.

Wakati huohuo nchi ilipita katika migomo. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, nasi wauguzi tukagoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017. Vyumba vya upasuaji vilifungwa, lakini ada ya ukodishaji iliendelea kutengwa kwenye bajeti miaka hiyo yote. Mkataba ulimlinda mwenye mashine dhidi ya kila balaa. Aliyepaswa kuishika mashine hakulindwa na chochote, wala aliyepaswa kulala chini yake.

Hapo ndipo shina la tatizo lilipo, Waheshimiwa. Ubia hutetewa kwa hoja kwamba hatari inagawanywa: kampuni inabeba ile inayoiweza, serikali inabeba yake. Lakini unapomlipa mtu kwa sababu mashine yake ipo tayari, hatari zote za kweli zinabaki kwako: maji, umeme, barabara, mshahara wa mtaalamu, dawa ya usingizi. Kampuni haina sababu ya kukuuliza kama una maji. Ungemlipa kwa kila mgonjwa aliyehudumiwa, angekuja mwenyewe kupima chumvi ya kisima chako kabla ya kuleta mashine.

Na si afya peke yake. Mitambo 365 ya umeme wa upepo ilisimamishwa karibu na Ziwa Turkana, kazi ikakamilika mwaka 2017. Laini ya kuuleta umeme huo Suswa ilikuwa jukumu la serikali, na mkandarasi wake kutoka Uhispania akafilisika. Mitambo ikakaa hadi Septemba 2018 ndipo ikaunganishwa. Kwa miezi hiyo ya kukaa bure tulidaiwa mabilioni ya shilingi, na anayelipa ni mnunuzi wa tokeni za umeme. Mwekezaji alikuwa ametimiza ahadi yake, simlaumu. Lakini mkataba ulikubali kulipia umeme usiofika nyumbani kwa mtu.

Wenzetu wa Lesotho walijenga hospitali ya rufaa Maseru kwa ubia, ikafunguliwa Oktoba 2011, mkataba wa miaka 18 na kundi lililoongozwa na Netcare ya Afrika Kusini, kwa ushauri wa tawi la Benki ya Dunia. Huduma ziliboreka kuliko za hospitali kuukuu iliyofungwa, hilo lilipimwa. Lakini mwaka 2014 shirika la Oxfam lilisema hospitali hiyo moja inameza zaidi ya nusu ya bajeti ya afya ya taifa zima. Benki ya Dunia ilibishana na hesabu hiyo, ila gharama ilipanda kupita ilivyotarajiwa. Mwaka 2021 serikali ya Lesotho iliuvunja mkataba kabla ya muda wake. Uingereza nayo, iliyoanzisha mtindo wake wa kujenga hospitali na shule kwa fedha za kampuni mwaka 1992, ilitangaza Oktoba 2018 kwamba haitatia saini mikataba mipya ya aina ile.

Mtaniuliza, basi ni ubia upi unaofaa? Upo mmoja, na ushahidi wake uko hapa Kilifi.

Mwaka 2009 nchi kadhaa tajiri na wakfu wa Gates ziliahidi dola bilioni 1.5 kwa ajili ya chanjo ya nimonia. Hazikumpa mtengenezaji pesa ajenge kiwanda halafu zikasubiri. Zilisema: leteni dozi, tutazinunua, na bei ya muda mrefu haitapita dola 3.50 kwa dozi. Bei hiyo ilitangazwa kwa ulimwengu mzima. Gavi, shirika la kimataifa la chanjo, likasimamia, na serikali za nchi zinazochanja, yetu ikiwamo, zikachangia sehemu yake. Februari 2011 Rais Kibaki alihudhuria uzinduzi wake Nairobi, na watoto wetu wakawa miongoni mwa wa kwanza Afrika kuipata. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na wenzao wakafuatilia Kilifi kwa miaka. Maradhi makali yanayoletwa na aina za vijidudu vilivyomo kwenye chanjo hiyo yalishuka kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Nimefanya kazi wodi ya watoto kabla ya chanjo hiyo na baada yake. Sihitaji ripoti kujua tofauti, ila nashukuru kwamba ipo, kwa sababu nayo inasomeka na kila mtu.

Kampuni zilizotengeneza chanjo zilipata faida yao, na sioni kosa hapo. Zilipata kwa dozi iliyofika pajani mwa mtoto. Na bei ilijulikana, kwa hiyo kila aliyetaka kubishana nayo, na wapo waliosema ni kubwa mno, alikuwa na namba ya kubishania. MES haikutupa hata hiyo namba. Seneti ililazimika kuunda kamati ili kuitafuta.

Najua jibu linalotolewa mara kwa mara: mkataba una siri za kibiashara. Waheshimiwa, siri ya kibiashara ni jinsi mashine inavyotengenezwa. Bei tunayolipa, miaka tutakayolipa, adhabu tukichelewa, mahakama ya nchi gani itakayoamua tukigombana: hayo ni mambo yetu. Katiba, ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 201 inataka uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha za umma. Mwaka 2022 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliamuru mikataba ya reli ya SGR itolewe, baada ya wanaharakati wa huku kuipigania, na Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi akachapisha sehemu yake. Nchi haikuanguka. Tuliisoma, tukaelewa kwa nini makontena yetu yalilazimishwa kupanda treni.

Kinyume chake tulikiona mwaka 2024. Mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30 ulijulikana kwa nyaraka zilizovuja mwezi wa Julai. Septemba Mahakama Kuu ikausimamisha kwa muda, kisha wafanyakazi wa viwanja vya ndege wakagoma, abiria wakakwama. Tarehe 21 Novemba Rais akaufuta. Pengine mkataba ule ulikuwa na mema ndani yake; hatukupata nafasi ya kuyaona, kwa sababu tulianza kuujua kwa wasiwasi. Mwekezaji mwema naye huumia kwa utaratibu huu. Asiye na cha kuficha anapaswa kuwa wa kwanza kuuomba mkataba wake uchapishwe.

Na nadhani hatujajifunza bado. Mapema mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ilieleza kuwa mfumo wa kidijitali wa bima yetu mpya ya afya, SHA, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8 na uliokabidhiwa muungano wa kampuni ukiongozwa na Safaricom, haukupatikana kwa zabuni ya ushindani, na kwamba serikali haiumiliki mfumo huo. Habari za maradhi ya Wakenya, nani ana sukari, nani ana virusi, nani ameharibikiwa na mimba, zinapita humo. Mimi niliapa kutunza siri za mgonjwa. Nataka kujua ni kifungu gani cha mkataba kinachomfunga mwenye mfumo kuzitunza, na siku mkataba ukiisha habari hizo zinabaki kwa nani.

Sasa kuna mpango mpya wa vifaa vya hospitali uliochukua nafasi ya MES. Mmeueleza kuwa kampuni italeta vifaa na kulipwa kwa kila huduma, fedha zikitoka SHA. Hili ni jema, na nawapongeza kwa kuliona. Ndilo nimekuwa nikiliomba hapa. Lakini malipo kwa huduma yana mitego yake, na mitego hiyo haionekani mpaka mkataba usomwe. Je, kuna idadi ya chini ya vipimo ambayo kaunti imeahidi kulipia hata kama wagonjwa hawakuja? Kama ipo, tumerudi kulekule kwa mlango wa nyuma. Je, SHA ikichelewesha malipo, kama wenye hospitali wanavyolalamika kila mwezi, kampuni inaruhusiwa kuzima mashine mgonjwa akiwa kwenye foleni? Bei ya kipimo kimoja imepangwa na nani, na imelinganishwa na bei ya wapi? Baada ya miaka ya mkataba, mashine ni ya nani? Na daktari akiagiza picha tano mahali ambapo moja ingetosha, kwa kuwa kila picha ina fungu lake, nani anamwangalia?

Sisemi majibu ni mabaya. Nasema wenye kuyahitaji hawana.

Wahenga wa huku walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Kwa hiyo pamoja na kuchapisha mikataba, naomba kila hospitali inayopewa mashine kwa ubia ipewe kwanza siku 60 za kuusoma mkataba na kuujibu kwa maandishi: msimamizi wake, muuguzi mkuu, fundi wa vifaa, na mtu wa maji na umeme wa kaunti. Waandike walichonacho na wasichonacho. Majibu yao yaambatishwe kwenye mkataba, na gavana asitie saini mpaka kila pengo lililotajwa liwe na bajeti yake na jina la ofisa anayehusika. Wawakilishi wadi wa bunge la kaunti wayaone pia, maana ndio wanaopitisha bajeti hiyo. Kampuni itakayosema siku 60 ni nyingi mno kwa mkataba wa miaka saba au kumi, iacheni iende.

Magavana, ninyi nawasemea kwa uchungu zaidi. Mlilalamika mbele ya Seneti kwamba mlitia saini makubaliano bila kuonyeshwa mikataba. Huenda mlisukumwa. Lakini kalamu ilikuwa mikononi mwenu, na wauguzi wenu wangesimama nanyi siku hiyo kama mngesema hamtii. Safari hii tuiteni mapema.

Maseneta, ripoti yenu ya 2020 ni kazi nzuri iliyolala kabatini. Ifufueni, mtuambie ni mapendekezo gani yametekelezwa na yapi hayajaguswa, kisha mwiteni Waziri aje na mikataba ya mpango mpya mkononi.

Na wewe Mheshimiwa Waziri wa Afya, huna haja ya kusubiri sheria mpya wala kuitwa na yeyote. Nyaraka ziko ofisini mwako. Zikiwekwa kwenye tovuti ya wizara Jumatatu, kufikia Ijumaa wasimamizi wa hospitali za Hola, Msambweni, Voi, Lamu na Kilifi watakuwa wamezisoma, na watakuwa na maswali kuliko haya yangu. Naomba wajibiwe wao kabla yangu.

Wenu katika kazi ya afya,

Muuguzi mstaafu, Pwani ya Kenya